Mpima Baruti wa Nyamitanga

Nyamitanga, Mbarara
12/2/2006

Kwako yaya Miriamu,

Yesu asifiwe, dada yangu mukubwa. Ninakusalimu wewe na binti yako Benitha, na mama Georgette jirani, na kanisa lote la kule kambini Nakivale. Malaria ya mutoto imeisha? Mahindi imeshika ao jua imeichoma? Mimi niko muzima, kikohozi kimeniacha. Barua hii nimemupa Kabanyana, kesho anarudi na lori ya maharagi. Simu haishike vizuri kwenu kule, na neno lenyewe ni refu.

Nimepata kazi, lakini sijui niiite jina gani.

Unajua nilikuwa ninatengeneza saa mbele ya duka la Hajara, karibu na daraja ya Rwizi. Siku moja akafika muzee mumoja murefu, anachechemea mguu wa kushoto. Jina lake Twinomujuni. Alikuwa mwanajeshi, sasa amestaafu, anakaa huku Nyamitanga na bibi yake mama Babra. Saa yake ilikuwa imesimama. Nilipomurudishia hakuiangalia saa, aliangalia vidole vyangu.

"Wewe Mukongo, hii mukono ulisomea wapi?"

Nikamwambia nilipima zahabu miaka sita mu Uvira, kwa mununuzi.

"Basi kuja nyumbani. Leta hiyo mukono."

Nyumbani kwake kuna chumba cha nyuma, na juu ya meza kuna mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo. Aling'oa unywele wake mumoja, akaukata mara mbili, akasema nimwambie kipande gani ni kizito. Nilipima, nikamuonyesha. Akacheka sana, akaita mama Babra aje aone.

Yaya, ni bunduki. Usistuke, soma kwanza mpaka mwisho. Ni ya kuwinda, na leseni ya serikali iko. Fundi wa mbali aliitengeneza kwa ajili yake peke yake, akaipima ku bega lake na ku mukono wake sawa vile mutu anavyopimwa suti. Ni ya kupiga mbali, toka kilima mpaka kilima. Lakini risasi za duka haizipendi. Muzee anasema bunduki ni kama mutu: chakula ingine inakubali, ingine inatapika. Kwa hiyo tunazitengeneza wenyewe, moja moja: ganda, fataki ndogo ya kuwasha, baruti, kichwa cha risasi. Mimi ninapima baruti na kuandika vipimo mu kurasa za kaye. Kisha tunaenda ku ranchi ya shemeji yake, upande wa Sanga, anapiga ku karatasi, ninahesabu matundu.

Bado hatujaelewa inataka nini. Lakini mimi kushika mizani tena, yaya, nilisikia sawa nimerudi mu mwili wangu.

Mudogo wako,
Natanaeli


Nakivale
3/3/2006

Mudogo wangu Natanaeli,

Salamu mingi katika Bwana. Sisi tunapumua. Benitha amepona, ameanza tena masomo. Mahindi imeungua nusu, maharagi imejaribu. Mama Georgette anakusalimu, amezaa mutoto mwanamuke. Na wewe, unakula? Kabanyana anasema umekonda.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi mpaka nilipofika ku lile neno. Mara ya pili nilikasirika. Mara ya tatu nikakosa kujua.

Natanaeli, unatengeneza risasi?

Unasema ni kazi ya mizani. Sawa, lakini mizani ya nini? Ile iliyomuua Appolinaire ku mulango wa nyumba yetu, nayo kuna mutu aliipima, aliifunga vizuri, akaenda kula. Usinijibu kwamba si sawa. Najua si sawa. Appolinaire alikuwa bwana yangu, na nyama ya pori ni nyama ya pori. Lakini nikifumba macho naona vidole vyako pale, vidole nilivyovifundisha kufunga kamba ya kiatu, na sijui niombe nini.

Huyo muzee anaua nini? Na kwa nini inapaswa kuwa mbali vile? Mutu anayetaka nyama si anasogea karibu?

Neno lingine. Ku Base Camp, mulangoni pa biro ya wakuu wa kambi, wamebandika namba zetu. Dosie yetu imeanza kutembea: mimi, Benitha, na wewe, sisi watatu ku karatasi moja. Tutaitwa ku intavyuu ya kuhamishwa inchi ingine, siku hawajasema. Ukae karibu.

Yaya yako,
Miriamu


Nyamitanga
20/5/2006

Yaya mupenzi,

Amani ya Bwana iwe nawe. Nashukuru kwa habari ya dosie, nilimuambia Hajara naye akaruka kwa furaha. Unisamehe kukawia. Nilikuwa nikianza barua kila juma na kuiacha, juu ya kuwa sina jibu zuri.

Nilimuuliza muzee lile ulilouliza. Tulikuwa tumekaa ku kivuli cha gari mu ranchi.

"Muzee, kwa nini usisogee karibu?"

Alipiga mguu wake wa kushoto na ngumi. "Na hii nasogea namna gani? Nyama inasikia mimi nakuja, inacheka, inaenda."

Halafu akanieleza. Miaka miwili nyuma, na bunduki ingine, alipiga swala ng'ambo ya bonde. Swala alianguka, akasimama, akakimbia na matumbo yakining'inia. Muzee hakuweza kumufuata. Wachungaji walimutafuta siku mbili, wakakuta mifupa. 

"Mambo ya vita Mungu ataniuliza, na mimi nitajibu," akasema. "Lakini ile swala haikuwa na makosa. Mimi sipigi kitu ingine yenye iko na damu mpaka hii bunduki inakwenda penye mimi naangalia."

Kwa hiyo ndiyo sababu, yaya. Anataka mnyama asijue kitu. Sijui kama inatosha kwako. Kwangu kuna siku inatosha na kuna siku haitoshi.

Sasa shida yenyewe. Asubuhi anapiga tano ku karatasi, mita mia ine, na zote tano nazifunika na kiganja changu. Tunafurahi. Tunakula chakula cha mama Babra, anakunywa soda zake mbili, tunapumzika, anapiga tano zingine, za baruti ileile, nimezipima siku ileile. Zinatawanyika sawa kuku walioona mwewe! Tulibadilisha fataki. Tulibadilisha baruti. Tulibadilisha vichwa. Kila mara kitu kimoja tu, na kila mara ninaandika. Kaye mbili zimejaa. Kuna wakati nilisema ni joto la muchana, tukafunika risasi na kitambaa cha maji: bure. Nikasema ni upepo, tukangoja siku bila upepo: bure.

Sasa muzee amesema ni mukono wangu. Hakusema kwa hasira, ingekuwa afazali. Alisema: "Mukono imechoka, Natanaeli?" Sasa ninapima kila moja mara tatu. Mimi niliyeona vumbi ya zahabu ku ukucha wa mutu, sijui tena kama ninaona.

Uniombee.

Mudogo wako,
Natanaeli


Nakivale
11/6/2006

Kwako mudogo wangu,

Nakusalimu kwa haraka, Kabanyana anangoja mulangoni. Tuko wazima, tunashukuru Mungu. Macho yako yanauma ao hayaoni tu? Usome mbali na taa.

Siku imetoka: tarehe 14 mwezi wa munane, saa mbili asubuhi, ku Base Camp. Mutu muzima kila mumoja anaingia peke yake.

Mama Georgette na bwana yake Gervais wametoka kule ku intavyuu. Nilimukalisha chini anieleze yote waliyomuuliza. Mulitoka wapi, nani alikufa, mulipita njia gani, hiyo tunajua. Kisha anasema wanauliza: kuna mutu wa jamaa yako aliyeshika silaha? Aliyekuwa mu kikundi? Aliyefanya kazi ya silaha ao ya risasi, fasi yoyote, siku yoyote? Wanaandika kila neno.

Natanaeli, nilimuuliza mara mbili kama alisikia vizuri.

Hujakosa kitu, najua. Lakini nani ataeleza habari ya swala kwa mutu anayeandika ndiyo na hapana? Wewe unatengeneza saa. Hiyo si uongo, unatengeneza saa. Sema saa, basi. Mimi pia nitasema saa. Na uache ile kazi leo, si kesho, ili siku ile isiwe kazi yako tena.

Ninakuomba uongo, mimi mushemasi wa wamama. Nimeandika hii na sikuifuta. Nimechanganyikiwa, mudogo wangu. Miaka nane mu hema na mu nyumba ya udongo. Benitha ana miaka kumi na ine.

Yaya yako,
Miriamu


Nyamitanga
4/7/2006

Yaya Miriamu,

Salamu nyingi. Siulizi habari leo, utanisamehe, moyo umejaa.

Sikuacha. Nilitaka kuacha. Lakini nikiacha sasa, nitakaa maisha yote bila kujua kama kosa lilikuwa ku mukono wangu. Mupimaji asiyejua hiyo si mupimaji. Nilisema juma moja tu.

Jumamosi tulienda ku ranchi. Asubuhi muzuri, muchana kuku na mwewe, sawa kila siku. Muzee akasimama, akaniangalia, akaonyesha lile gunia analolalia.

"Lala hapa. Piga wewe."

"Muzee, mimi sijawahi."

"Najua. Lala. Kama risasi yako iko mubaya, itakuonyesha wewe mwenyewe."

Nilikataa mara mbili. Nilimuambia habari ya Appolinaire. Akasema: "Ile ni karatasi, mwanangu. Haina mama."

Nililala. Alinifundisha namna ya kupumua, akasema nisivute, nikamue polepole sawa titi la ng'ombe. Nikapiga tano. Tukaenda na gari mpaka ku karatasi.

Yaya, matundu matano ningeyafunika na kifuniko cha soda.

Na mimi nilifurahi. Naandika hii ili ujue, maana sina mutu mwingine wa kumuambia. Nilifurahi sana, nilitaka kuruka. Nikaona uso wa muzee, furaha ikakauka. Alikuwa amegusa yale matundu na kidole, anapepesa macho.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Tukarudi nyumbani. Siku tatu sasa hatoki chumbani.

Kwa hiyo mukono wangu ulikuwa sawa. Lakini sasa wakiniuliza kama nimeshika silaha, jibu ni ndiyo. Sitaweza kusema hapana, yaya. Nitasema yote vile yalivyo, na nitaeleza pole pole mpaka waelewe. Usinichukie. Nitafika tarehe 13.

Mudogo wako,
Natanaeli


Nakivale
30/8/2006

Mudogo wangu,

Nakusalimu sana. Lori ilikawia, ukafika asubuhi ileile ya intavyuu, si tarehe 13, na sikupata nafasi ya kukuuliza kitu. Ulitoka ku mulango wa biro, lori ikapiga honi, ukasema muzee yuko hospitali, ukaenda. Amepona? Mimi na mutoto tuko wazima wa mwili.

Nikueleze yaliyonipata mle ndani.

Miezi miwili nilikuwa nikijifundisha: "Anatengeneza saa." Ninachota maji, nasema saa. Ninapalilia, nasema saa. Niliingia nayo mudomoni sawa bonbon ya kunyonya.

Mama aliyeniuliza alikuwa mupole, na mutafsiri alikuwa binti wa kwetu. Walianza na Appolinaire. Nikaeleza. Sijawahi kueleza vile, hata kwako. Mulango, kelele, kiatu kimoja kilichobaki ndani. Binti akaacha kutafsiri, akalia, mama akangoja. Walipomaliza kungoja wakauliza: "Na ndugu yako anafanya kazi gani?"

Natanaeli, mudomo uliokuwa umetoka kusema kifo cha Appolinaire ulikataa uongo. Ulikataa kabisa. Nikasema anapima baruti kwa muzee mumoja wa Mbarara anayewinda. Nikasema alipiga mara tano. Nikasema: lakini ni ku karatasi, mama, andika kwamba ni ku karatasi. Akaandika.

Nilitoka na hofu. Halafu nikakumbuka barua yako, kwamba wewe pia utasema yote, nikapumua. Mimi niliyekuomba uongo nimefuata njia yako. Basi maneno yetu yanapatana, siyo?

Unijibu upesi, nilale.

Yaya yako,
Miriamu


Nyamitanga
3/9/2006

Yaya,

Nilisema saa.

Nilikaa mle ndani, nikakumbuka mistari yako ya mwezi wa sita, nikaona miaka ya Benitha. Wakaniuliza: umeshika silaha? Nikasema hapana. Umefanya kazi ya risasi? Hapana. Unafanya nini Mbarara? Ninatengeneza saa. Nilifikiri nimekupa zawadi.

Muzee ana ugonjwa wa sukari. Munganga anasema sukari ikipanda macho yanaona ukungu, ndiyo maana asubuhi aliona vizuri, na baada ya chakula na soda hapana. Hivyo tu. Miezi mitano tulibadilisha kila kitu ku meza ile na kosa halikuwa ku meza.

Sijui tena niandike nini.

Natanaeli


Nakivale
16/4/2007

Mudogo wangu mupenzi,

Amani kwako. Hii ni barua ya ine tangu ile yako, na tatu hukuzijibu. Kabanyana anasema anakuona, uko muzima, na kila mara unamuambia, "Nitaandika." Mimi sikukasirika. Nani anaweza kumukasirikia mwenzake hapa? Mimi nilikufundisha neno, halafu nikaliacha mulangoni ukaingia nalo peke yako.

Majina yametoka ubaoni. Miriamu. Benitha. Nilisoma mpaka chini, nikarudi juu, nikaita Gervais asome yeye. Lako haliko. Niliingia kuuliza, wakasema lako limewekwa kando kwa sababu maneno hayalingani. Nikasema basi na sisi mutuweke kando. Yule mama wa intavyuu akaniambia, "Ukikataa, hatuwezi kuahidi kwamba mutaitwa tena." Benitha alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamugeukia, kisha nikakubali.

Tunaondoka Alhamisi na basi, toka Base Camp. Ufunguo wa nyumba uko kwa mama Georgette. Shamba ni lako, ile sehemu ya juu ndiyo inashika maharagi. Jembe jipya liko chini ya kitanda.

Sijui kama ninakwenda ao ninakimbia. Ufike Alhamisi, Natanaeli. Hata kama huna la kusema, ufike nikuone.

Yaya yako,
Miriamu


Nakivale
9/11/2008

Kwako yaya Miriamu, na kwako Benitha,

Nawasalimu kwa jina la Bwana. Gervais amenipa adresi yenu, aliipata kwa mutu aliyewaona. Anasema kule kuna baridi mpaka maji yanasimama. Munapata nguo nzito? Benitha anasoma? Wewe magoti vipi? Mimi niko muzima. Ninakaa mu nyumba yako tangu mwaka jana, na maharagi imekubali.

Ile Alhamisi nilifika. Nilisimama nyuma ya vibanda vya soko, nikakuona na kitambaa chako cha manjano, unageuka kila lori likipita. Nilitaka kuvuka barabara. Miguu haikuvuka, kwa haya. Basi likaondoka. Sikukuandikia tangu siku ile kwa sababu kila barua ingepaswa kuanza na hiyo.

Muzee alipata dawa, na mama Babra akamunyima soda. Mwezi wa saba wa mwaka jana aliniita, tukatengeneza risasi kumi. Yaya, tulirudia baruti ya juma la kwanza kabisa, ile ya ukurasa wa pili wa kaye. Ilikuwa sawa tangu mwanzo. Asubuhi moja akapiga swala ng'ambo ya bonde. Swala hakupiga hata hatua moja. Muzee alikaa pale ku gunia muda murefu, akasema: "Sasa inatosha," na siku iliyofuata akaipeleka bunduki polisi pamoja na leseni. Alinipa mguu wa nyama. Nilikula. Sikujua kama nifurahi, lakini nilikula.

Kisha nikaenda ku biro mwenyewe, hakuna aliyeniita. Nikasema nimekuja kurekebisha maneno yangu. Nikaeleza yote, toka unywele wa muzee mpaka swala. Waliandika, wakasema ningoje. Nimengoja mwaka na miezi. Juzi wakaniita.

Mama ni yuleyule. Alifungua dosie, akaniuliza: "Kwa nini ulisema uongo siku ile?"

"Kwa ajili ya yaya yangu."

"Na yeye, kwa nini alisema kweli?"

"Aliniandikia kwamba mudomo wake ulikataa uongo, mama. Sijawahi kumuuliza vizuri."

Aliweka kalamu chini. Akasema: "Bunduki ya kuwinda yenye leseni, kazi ya kupima: isingekuwa shida. Tungeandika na kuendelea. Shida ni kwamba ulisema hapana." Akasema dosie yangu imefungwa. Alisema pole, na nilimuamini.

Nilifikiri kukuficha hiyo. Nilikaa na karatasi hii siku mbili. Lakini sisi wawili tumeona kuficha kunatupeleka wapi. Wewe uliniomba, ndiyo, lakini mudomo uliosema hapana ni wangu, na nilikuwa mutu muzima. Usilale na neno hilo.

Nilipotoka nilisikia wepesi, yaya. Nilijiambia, sasa hakuna kitu kilichoandikwa juu yangu mle ndani kisicho kweli. Nilitembea vizuri mpaka sokoni, nikasalimia watu, nikauliza habari ya mbegu. Nilipofika mulangoni kwa mama Georgette nikakaa chini, nikalia sawa mutoto mudogo. Akaniuliza ninalia nini, nikamuonyesha ile barabara basi lenu lilipopita. Alikaa tu kando yangu, akaendelea kuchambua maharagi.

Mudogo wako,
Natanaeli